Ndege Aliyeimba Wakati wa Jaribio

Kwa heshima na taadhima, na bila kushurutishwa na mtu yeyote, napenda kutangaza rasmi kwamba mimi niliwahi kuwa ndege.

Tena si ndege hivi hivi. Ndege adimu.

Mwalimu mzima alinitafuta kwa darubini. Mtaalamu alifunga safari kuja kunirekodi. Mkuu wa shule, mtu asiyeamka mapema kwa ajili ya kiumbe chochote, aliamka mapema kwa ajili yangu.

Na wakati huo wote ndege mwenyewe alikuwa amechutama nyuma ya vyoo vya wavulana, amevaa ndala zisizofanana.

Haya, vuta kiti.

Mimi nasoma shule ya bweni, kidato cha tatu. Shuleni naitwa Mheshimiwa. Usidhani ni kwa sababu naheshimiwa. Ni kwa sababu nikiulizwa swali lolote, hata "umekula?", lazima nisimame, nikohoe, ndipo nijibu. Ni kipaji, sikukiomba.

Kila mwenye kipaji ana adui. Adui yangu ni Biolojia.

Mwalimu wa somo hilo tulimwita Shingo, maana muda wote ya kwake ameiinua juu. Anatembea anatazama miti. Anakula anatazama paa. Siku moja aliutumbukiza mguu kwenye ndoo ya maji ya deki, akautoa, akaendelea na safari huku macho yako juu. Kiatu kikabaki kinaelea.

Alikuwa na klabu ya ndege. Wanachama wanne, na mmoja wao alijiunga akidhani kuna chai.

Mtu mpole kweli kweli. Ila alikuwa na ukatili mmoja: jaribio kila Jumanne na kila Ijumaa. Ukifeli, jioni unafyeka nyasi. Mimi nilifyeka mpaka nyasi zikanizoea, nikipita zinainama zenyewe.

Sasa siku moja nilipewa adhabu ya kufuta vumbi maktaba, kwa kosa dogo tu la kusogeza mbele saa ya ukutani ili mapumziko yafike mapema. Maktaba yetu imepakana ukuta kwa ukuta na darasa la kidato cha nne.

Nikiwa nafuta, nikakutana na kitabu.

Kinene. Jalada gumu. Picha za rangi zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Kilikuwa kitabu cha kutambulia ndege, zawadi ya mgeni fulani wa zamani, na kwa uzito wake ungeweza kukitumia kuzuia gari lisibingirike.

Nikafungua katikati. Ndege wa kijivu amekaa juu ya uzio. Jina lake kekeo. Chini pameandikwa: "Sauti: filimbi ya silabi mbili, ku-kuu, hurudiwa tena na tena."

Hapa lazima niwaambie kuhusu midomo yangu. Midomo hii inaweza kupiga mluzi wa kitu chochote. Honi ya lori. Simu ya mwalimu wa zamu. Mlango wa jikoni wenye kutu. Basi nikaijaribu.

Ku-kuu. Ku-kuu.

Upande wa pili wa ukuta, Mwalimu Shingo alikuwa anafundisha. Akakatiza sentensi katikati. Mlango ukafunguka kwa kishindo. Kupitia dirishani nikamwona anakimbia uwanjani na chaki mkononi, shingo juu, na darasa zima nyuma yake kama vifaranga.

"Mmemsikia?" anauliza. "Jamani, mmemsikia, au mimi naota?"

Hakurudi darasani mpaka kengele ilipolia.

Nikakirudisha kile kitabu rafuni taratibu, kwa adabu, kama mtu aliyegundua kuwa fimbo aliyokuwa anachezea ni bunduki.

Jumanne ikafika.

Shingo ameingia, karatasi za maswali kwapani. Mimi sijasoma hata kichwa cha habari.

Nikasimama. Nikakohoa. "Mwalimu, kwa masikitiko makubwa, tumbo langu linaniita nje."

"Nenda, mwanangu. Pole sana."

Nikaenda. Nyuma ya vyoo kuna kichochoro ambacho hakina mwenyewe. Nikachutama, nikalowesha midomo.

Ku-kuu. Ku-kuu. Ku-kuu.

Niliporudi, darasa lilikuwa halina mwalimu ila limejaa furaha. Karatasi za maswali ziko mezani, hazijaguswa. Kifutio, jirani yangu wa dawati, aliyepata jina hilo kwa kuazima kila kitu cha kila mtu, akanivuta shati.

"Kaka, kuna ndege kaimba huko nje, Mwalimu katimka! Huyu ndege Mungu ambariki."

"Amina," nikasema.

Ijumaa, vivyo hivyo. Jumanne iliyofuata, vivyo hivyo. Siku moja ya mvua Shingo alitoka mbio mpaka akaangukia mtaroni, akainuka na tope mpaka masikioni, anacheka. "Yuko karibu," anasema. "Safari hii alikuwa karibu kabisa!"

Na kwa wema wake, kwa kuwa tumbo langu halikuwa linapona, aliniombea dawa kwa muuguzi wa shule. Chungu kama dhambi. Nikazimeza zote. Uongo una gharama zake.

Sasa nikutambulishe kwa dada mmoja.

Darasani kwetu tunamwita Faharasa, kwa sababu kitabu chochote ukimpa anakifungua nyuma, kwenye ile orodha ya mwisho, anajua kila kitu kiko wapi kabla hajajua ni kitu gani. Ndiye mwenyekiti wa klabu ya ndege. Anaongea kidogo, na kila akiongea mtu anaumia.

Alinikuta maktaba nimekumbatia kile kitabu kinene, najinoa.

"Mheshimiwa! Tangu lini unasoma kitu kisicho na vibonzo?"

Nikasimama, nikakohoa. "Dada yangu, elimu haina mpaka."

"Elimu haina, lakini hicho kitabu kinao." Akakifungua kurasa za mwanzo, palipo na ramani. "Haya. Hizi ndizo nchi kilizoandikiwa. Nionyeshe sisi tuko wapi."

Nikatafuta. Nikatafuta tena. Sisi tulikuwa nje ya ukurasa kabisa, mahali fulani usawa wa goti langu.

"Umeona? Ni kitabu kizuri, lakini ni cha kwa watu. Ukikitumia hapa ni kama kutafuta namba ya jirani yako kwenye simu ya mtu usiyemjua."

Akatoa kitabu chake kwenye mfuko wa sweta. Chembamba, kimekunjamana, jalada limeshikiliwa na gundi ya karatasi. Ndani hakuna picha hata moja, ni michoro.

"Hiki ndicho kitabu?" nikamwuliza. "Ndege wenyewe wamechorwa!"

"Ndio uzuri wake. Picha inakuonyesha ndege mmoja, siku moja, jua likiwa upande mmoja. Mchoraji anakupangia dume, jike na kinda, wote wamegeukia upande mmoja kama wanapigwa picha za pasipoti. Halafu ona hii mishale midogo. Inakwambia, tazama hapa, hayo manyoya mengine yasikusumbue."

"Na mimi nikimwona ndege mwekundu, naenda kurasa za wekundu?"

Akanitazama kwa huruma ya kweli.

"Kila anayeanza anaanza na rangi. Rangi ni shahidi wa mwisho, Mheshimiwa, maana hata kivuli kinaweza kumhonga. Anza na umbo. Ukubwa wake, je, ni kama chozi, yule ndege mdogo mnyonya maua, au kama njiwa? Mdomo ukoje? Anafanya nini? Yuko wapi, na ni msimu gani? Na jambo moja kubwa: ndege akiwa mbele yako, usifungue kitabu. Mtazame yeye. Kitabu hakina mabawa, utakikuta."

"Na nikishamtazama, nikakuta kitabuni hayumo?"

"Basi jiulize kama ni ndege."

Alisema hivyo akinitazama usoni. Nikakumbuka ghafla kwamba nina nguo za kufua.

Ijumaa iliyofuata Shingo aliingia darasani bila karatasi za maswali. Amevaa tai. Hatukujua kama anayo.

"Leo hakuna jaribio."

Darasa likalipuka. Mimi nikajisikia vibaya kidogo, kama fundi aliyefika akakuta kazi imeshafanywa.

"Nyamazeni, nina jambo. Huyu ndege mliyemsikia anaitwa kekeo. Anakuja kwetu akikimbia baridi ya kwao, anakaa, anakula, anarudi. Sasa vitabu vyote, narudia, vyote, vinasema hivi: akiwa huku kwetu haimbi. Anaimba kwao, anakotafuta mke. Huku ni mgeni, na mgeni mwenye adabu hapigi kelele kwenye nyumba ya watu."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Lakini hapa, wanangu, kwenye shule yetu hii, anaimba!"

Moyo wangu ukaporomoka mpaka kwenye ndala.

"Mimi sijawahi kumwona kwa macho. Tangu nikiwa kijana kama ninyi, kila msimu najiambia, mwaka huu. Ndege wote wa maeneo haya nimeshawaona, isipokuwa yeye. Sasa nimempigia simu mtaalamu. Ni mama mmoja anayeandaa toleo jipya la kile kitabu chetu chembamba. Anakuja kesho asubuhi na kinasa sauti. Akimnasa, kitabuni utaongezwa mstari mmoja mdogo. Na katika mstari huo tutakuwamo sisi."

Akarekebisha tai ambayo haikuwa na tatizo.

"Mkuu naye anakuja. Mnajua anataka chumba cha klabu kiwe stoo ya madawati mabovu. Amesema akijionea mwenyewe kuna kitu cha maana, chumba kitabaki. Na kule chumba cha walimu mnajua wananiitaje? Mwalimu wa kunguru." Akatabasamu. "Sijali. Lakini kesho watanyamaza."

Alipotoka, Kifutio akaniinamia sikioni. Alikuwa ameshaunganisha mambo, maana ndiye aliyekuwa anahesabu matumbo yangu.

"Kaka, umeua."

"Sijaua," nikamwambia. "Nimeuawa."

Jioni nikiwa bombani, Faharasa akaja na ndoo yake. Akaiweka chini ya bomba. Hakufungua maji.

"Nimemtambua ndege wako."

"Ndege wangu?"

"Nimefuata hatua zote. Makazi: nyuma ya vyoo vya wavulana. Msimu: Jumanne na Ijumaa. Muda: saa ya Biolojia tu, Jumapili haimbi hata ukimbembeleza. Tabia: akianza kuimba wewe haupo, ukirudi yeye kanyamaza. Alama ya kumtofautisha na wengine: ndala moja ya bluu, moja ya kijani."

Nikajiweka sawa. Nikakohoa. Hakikutoka kitu. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu.

"Utamwambia Mwalimu?"

"Mimi natazama ndege, sitegi ndege. Utamwambia mwenyewe."

"Dada, sikia. Ameshaita watu. Nikimwambia sasa hivi ataificha wapi sura yake? Mimi nina mpango wa huruma. Kesho naimba mara moja tu, vizuri, yule mama anarekodi, Mkuu anafurahi, chumba kinabaki, mimi nastaafu kimya kimya."

"Halafu uongo wako unaingia kitabuni." Akafungua bomba, kisha akalifunga tena, kwa hasira. "Unaelewa kitabu kile ni nini? Mtu anasimama porini peke yake, hana mwalimu, hana mtaalamu, anacho hicho tu mfukoni. Anakiamini. Miaka ijayo watoto wa watu watakaa vichakani wakimsubiri kekeo aimbe, na haimbi! Na jina litakaloandikwa pale si lako. Ni la Mwalimu."

Hilo sikuwa nimeliwaza. Mimi nilikuwa nimewaza mpaka Jumamosi mchana tu.

Akanitupia kile kitabu chembamba kifuani. "Msome kekeo. Ukurasa wote, siyo mstari wa sauti peke yake."

Nikasoma nimekaa kitandani, kabla ya kengele ya chakula. Haukuwa ukurasa hata, ilikuwa robo ya ukurasa. Mgeni wa msimu. Huwa peke yake. Anafanana sana na kipanga, mgongo wa kijivu, tumbo la mistari, na wengi hukosea hapo. Mshale kwenye mdomo: mwembamba, haukupinda kama ndoana. Mshale kwenye mabawa: akitua huyaacha yakaning'inia chini ya mkia. Hupenda viwavi wenye manyoya ambao ndege wengine huwakwepa.

Sauti akiwa kwetu: hana.

Ningependa kuwaambia kwamba nilibadilika palepale. Hapana. Asubuhi kabla ya wenzangu kuamka nilikuwa nimeshajichimbia kwenye kichaka cha pembeni mwa uwanja wa mpira, midomo tayari, na mpango wangu wa huruma uko palepale. Nilijiambia kitabu kitajitetea chenyewe. Mimi namtetea Mwalimu.

Wakaja.

Mbele Shingo, shati limepigwa pasi mpaka lina makali. Nyuma yake Mkuu wa shule, amebeba kile kitabu kinene cha maktaba kwa mikono miwili kama anabeba mtoto. Halafu Faharasa. Halafu yule mtaalamu, mama mfupi mwenye kofia iliyochujuka na mkoba uliozeeka, na kitabu chembamba kama cha Faharasa kikichungulia mfukoni.

Wakasimama ng'ambo ya kichaka, hatua chache tu kutoka nilipo. Mama akawasha kinasa sauti.

"Huwa anaanza wakati gani?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Hana saa maalumu," akasema Shingo. "Lakini atakuja. Mimi namjua."

Namjua! Nikafumba macho. Nikalowesha midomo. Nikavuta pumzi.

Nilipofumbua macho, kulikuwa na ndege mbele yangu.

Upande wangu wa kichaka, kwenye tawi kavu, karibu kiasi kwamba ningemrushia ndala ningempata. Sikusikia akija. Wa kijivu. Tumbo la mistari.

Kipanga, nikasema moyoni. Kipanga tu huyo, nenda zako, niache nifanye kazi.

Lakini macho yakakataa kuondoka. Yakaenda kwenye mdomo. Mwembamba. Haukupinda.

Nikahamia kwenye mabawa.

Alikuwa ameyaachia mabawa yakaning'inia chini ya mkia, kama mtu aliyetembea mbali sana, akafika, akashusha mizigo. Katika tawi hilohilo kulikuwa na viwavi wenye manyoya. Akamdonoa mmoja, akamtikisa kushoto kulia, akammeza. Akatulia. Jicho lake la njano lilinitazama bila kunijali.

Na hakusema neno. Alikuwa kimya kabisa.

Basi nikawa na mambo matatu mbele yangu. Nikipiga mluzi, ndege anaruka, nao wanapata uongo wao waliousafiria. Nikikaa kimya, wao wako upande usiomwonyesha, watasubiri wee, wataondoka, na madawati mabovu yataingia chumba cha klabu. Nikitoka, mimi nimekwisha.

Nilifikiri kwa kina sana. Kama nusu pumzi.

Nikarudi nyuma kwa magoti, taratibu, ili nisimshtue, nikatokezea upande wao, matako yakitangulia.

"Wewe!" akanong'ona Mkuu kwa ukali, kitu kigumu sana kufanya. "Unafanya nini humo?"

Mdomo wangu, kwa mazoea yake, ukajibu kabla sijauruhusu. "Natafuta kalamu, Mkuu."

"Kichakani?"

"Ni kalamu ya kijani, Mkuu."

Hapo ndipo nikamwangalia Shingo. Hakuwa amekasirika. Hata hakuwa ananiangalia. Alikuwa anatazama juu ya kichwa changu, kwenye miti, bado anasubiri wimbo. Kanitabasamia kidogo tu, kama kuniambia, nyamaza mwanangu, utawakosesha watu.

Nikasimama. Sikukohoa.

"Mwalimu, anayeimba ni mimi. Lakini asiyeimba yuko hapa nyuma. Njooni polepole."

Shingo akashusha shingo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyaona macho yake yakitazama kitu kifupi kuliko mti. Alinitazama kwa muda ambao sitaki kuuzungumzia.

Kisha akapita pembeni yangu, akainama, akaingia kichakani. Yule mama nyuma yake. Faharasa nyuma yao. Mkuu akabaki kasimama anapekua kitabu kinene kwa kasi.

"Ni wa ukurasa gani? Mbona hapa wote ni wa kijivu?"

"Mkuu, mtazame yeye kwanza," akanong'ona Faharasa. "Kitabu baadaye."

"Subiri, nakaribia!"

Ndani ya kichaka Shingo alikuwa ameshainua darubini.

"Mabawa," alisema, kwa sauti ndogo kama ya mtoto. "Mama, mabawa yameshuka."

"Yameshuka," akasema yule mama. "Na mdomo umenyooka. Hongera, Mwalimu. Ndiye."

Ndege akammaliza kiwavi mwingine. Akakunja mabawa, akaruka chini chini juu ya uwanja, akapotea upande wa bustani. Bila sauti, kama alivyokuja.

"Nimempata!" akasema Mkuu, kidole kwenye ukurasa. "Yuko wapi sasa?"

Shingo alivua darubini, akaanza kufuta vioo vyake. Vioo vilikuwa vikavu. Kilichokuwa kimelowa kilikuwa kwingine.

Kisha wote wanne wakanigeukia.

"Haya," akasema Mkuu. "Tuimbie."

Nikapiga. Ku-kuu. Ku-kuu. Kwa mara ya kwanza mbele ya hadhira.

Yule mama alicheka mpaka akashika kofia isianguke.

"Mwanangu, huko kwao nimekaa misimu mizima nikiwasikiliza. Wao wanaanza juu, wanashuka. Wewe unaanza chini, unapanda. Ningejua kabla hujamaliza mara ya kwanza."

"Kitabu hakikusema juu wala chini, Mama."

"Ndiyo maana binadamu akapewa na masikio."

Kwa hiyo mpango wangu wa huruma ungemwaibisha Mwalimu mbele ya Mkuu, papo hapo, kinasa sauti kikiwa kimewashwa.

"Majaribio yote yale?" akauliza Shingo, taratibu.

"Yote, Mwalimu."

"Na siku ile ya mvua, nilipoanguka mtaroni?"

"Na siku ile, Mwalimu."

"Na tumbo?"

"Tumbo halijawahi kuuma, Mwalimu. Ila dawa zako nilizimeza. Kwa heshima."

Faharasa akageuka upande wa pili, mabega yanatikisika.

Hukumu ilitolewa palepale. Mkuu alitaka nifyeke kichaka chote. Shingo akakataa katakata: ukifyeka unaondoa viwavi, ukiondoa viwavi unamfukuza mgeni. Badala yake niliandika majaribio yote niliyoyaua, mfululizo, siku hiyohiyo, kwenye chumba cha klabu. Nikamkumbusha kuwa ni Jumamosi. Akasema viwavi hawajui Jumamosi.

Chumba hakikugeuzwa stoo. Mkuu alikuwa ameumia sana kuona watu watatu na mhalifu mmoja wamemwona ndege ambaye yeye alikuwa anamtafuta kwenye karatasi. "Kibaki," alisema. "Mpaka na mimi nimwone." Tangu hapo anakuja kila Jumamosi, na Faharasa humnyang'anya kitabu mlangoni.

Kwa wale mnaosoma simulizi mkitafuta fundisho, chukueni hili. Ukichagua kitabu cha ndege, usidanganywe na unene wala picha zinazong'aa; fungua ramani kwanza, ujione kama umo. Ukimwona ndege, anza na umbo, malizia na rangi. Macho kwa ndege, kitabu baadaye. Na ukiamua kusoma, soma mpaka mwisho. Mimi nilisoma mstari mmoja wa kitabu cha kwa watu, nikamchezea mtu aliyesoma kurasa zote za cha kwetu.

Lakini kilichonikamata kweli siyo hukumu. Ni swali aliloniuliza Shingo tukiwa tunarudi, wenzetu wametangulia.

"Ungekaa kimya humo ndani tusingekujua. Kwa nini ulitoka?"

Nikatafuta jibu lenye taadhima. Nilikuwa nayo mengi, yamepangwa tangu kidato cha kwanza. Hata moja halikutoka.

"Nilipomwona nilitaka kumwonyesha mtu, Mwalimu," nikasema. "Na mtu niliyemtaka amwone alikuwa ni wewe."